Jeneza Letu Lililozuiwa Ng'ambo ya Mpaka

Jeneza la msikiti wetu lililiwa na mchwa. Walianzia miguuni, na sisi hatukujua mpaka siku tuliyombeba mzee mmoja wa mtaani kwetu, mguu mmoja ukakatika njiani na maiti ikaniinamia upande wangu. Hatukuiangusha, alhamdulillahi. Lakini wanaume wote tuliokuwa chini ya jeneza lile tulirudi kutoka makaburini bila kutazamana usoni, na kamati ikakubaliana kabla ya Magharibi kwamba lichomwe na litengenezwe jingine.

Tukawa tunaazima la msikiti jirani, upande wa Mwabungo. Lile ni la bapa: ubao na mikono minne, basi. Kwa mwanamume linatosha. Kwa mwanamke watu wa kwetu hawalipendi, kwa sababu mwanamke hubebwa chini ya matao, yaani mbao nyembamba zilizopindwa juu ya jeneza kama mbavu, kisha juu yake hutandazwa shuka, ili wanaume wanaofuata nyuma wasione umbo lake. Hiyo ndiyo sitara yake ya mwisho hapa duniani.

Dada yangu mkubwa alikuwa na neno lake kuhusu jeneza la bapa. Alilazwa hospitali ya Msambweni, miguu imevimba, pumzi fupi, lakini ulimi mzima. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, na mpaka uzee wetu alikuwa akiniamrisha kama mtoto aliyechelewa chuoni.

"Lile la Mwabungo msinitie," aliniambia siku moja nilipomletea uji. "Nimejifunika maisha yangu yote, nije nianikwe siku ya mwisho kama papa wa kukausha?"

Muuguzi aliyekuwa akimpima presha alicheka mpaka akaanza kupima upya.

"Hufi leo, dada," nikamwambia.

"Sikusema leo. Nimesema lile msinitie."

"Utapata la matao. Ninakuahidi."

"Wewe ahadi zako ninazijua. Uliniahidi bati la jikoni tangu mjukuu wangu yuko tumboni."

Nikamwahidi mara ya pili, nikitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kwa umri wangu, na kwa miaka niliyosomesha watu dini, nilipaswa kujua uzito wa jambo lile.

Fundi tuliyemchagua ni mtoto wa mjomba wetu, upande wa Tanga. Sisi watu wa pwani ya kusini mpaka tunaujua, lakini ndugu tunao pande zote mbili, na hapakuwa na fundi mwingine tuliyemjua anayepinda matao ya mbao yasipasuke. Ikaja habari kwamba kazi imebaki kupakwa vanishi tu. Nikamwambia katibu wa msikiti aandike barua ya kutuvusha kwa watu wa forodha. Nilimsomea mwenyewe maneno: jeneza ni mali ya msikiti, si la kuuza, limebebwa na gari namba fulani, na barua imetiwa saini na katibu kwa niaba ya kamati. Namba ya gari nilisisitiza iwemo. Nilidhani barua yenye mambo mengi ndiyo barua yenye nguvu.

Gari lenyewe lilikuwa taabu kupatikana. Dereva wa kwanza, pale Ukunda, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Maalim, nibebeshe ng'ombe. Nibebeshe mawe. Nibebeshe hata mama mkwe wangu na maneno yake. Jeneza tupu, hapana."

"Jeneza ni nini? Si mbao?"

"Mbao, ndiyo. Lakini jeneza likisafiri tupu, hutafuta wa kulijaza. Na aliye karibu nalo ni dereva."

Wenzake wakacheka, ila hakuna aliyejitolea. Wa pili alisema tairi zake zimeisha. Tairi zilikuwa mpya, nimeziona. Nikawasomea darasa palepale kituoni, kwamba dini yetu haina mkosi wala ndege mbaya, na kwamba ajali huja kwa kadari ya Mwenyezi Mungu na kwa uzembe wa binadamu, si kwa mbao. Waliitikia "kweli, Maalim" kila nilipotua, kisha wakabaki vilevile.

Nikaenda kwa mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima sasa, mwenye mke na watoto na pick-up ya kubebea mboga kutoka Lunga Lunga. Huyu nilimfundisha tangu alif. Alisimama aliponiona, akanipokea kofia na bakora, akaniketisha.

"Safari ya jeneza?" akauliza. "Tupu?"

"Tupu. Usiniambie na wewe unaogopa."

"Ninaogopa, Maalim," akasema huku anacheka. "Lakini ninakuogopa wewe zaidi."

Nikacheka na mimi. Nikaona jambo limekwisha.

Tulivuka mpaka asubuhi, barua ikasomwa, ikapigwa muhuri, na kijumba cha mwisho askari mmoja akatuombea safari njema na akaniomba dua. Kwa fundi tulikuta jeneza limesimamishwa uani chini ya paa la makuti. Lilikuwa zuri. Matao yake matano yalikuwa laini kama yamelambwa, na mikono ameichonga ili isiumize bega. Fundi alisema vanishi ya mwisho haijakauka vizuri, tulale, tuondoke kesho. Nikamwambia dada yangu yuko hospitali, sitaki kulala mbali naye. Basi tukangoja jua lifanye kazi yake. Dereva akaniambia anakwenda kutazama tairi, akapotea kitambo, akarudi anatafuna tangawizi. Adhuhuri tukasali, mimi mbele, yeye na fundi nyuma yangu. Tukalifunga jeneza kwa kamba juu ya magodoro mawili, tukaondoka.

Ndani ya gari kulikuwa na harufu kali. Nilikuwa nimejipaka vanishi kwenye kanzu wakati wa kulipakia, nikadhani ni hiyo. Nikafungua dirisha.

Hatukufika mbali. Katikati ya njia ya kurudi mpakani kulikuwa na trafiki, na aliyetusimamisha alikuwa mama wa makamo, sare nyeupe, kofia imekaa sawasawa.

"Shikamoo, baba," aliniamkia mimi kwanza.

"Marahaba, binti yangu."

"Dereva, zima gari. Mmebeba maiti?"

"Hapana," nikajibu mimi. "Ni jeneza jipya. Tunapeleka msikitini, Kenya. Barua hii hapa."

Hakuichukua barua. Alikuwa anamtazama dereva wangu machoni. "Shuka," akamwambia, "upulize hapa."

Sikuitwa, lakini nilishuka. Nikazunguka mbele ya gari na bakora yangu, nikasimama kati yao. "Binti yangu, huyu hanywi. Nimemsomesha mimi. Si zaidi ya saa moja amesali nyuma yangu."

"Baba, hiki kifaa hakimuulizi mtu amesali wapi."

"Basi nipulize mimi kwanza, tuone kama kizima."

Nilitaka kumtahayarisha. Yeye akakibadilisha kimrija, akanipa, nikapuliza kwa nguvu zangu zote mbele ya wenzake waliokaa kivulini.

"Sifuri," akasema. "Hongera, baba."

Kivulini wakapiga makofi. Kisha akampa dereva. Dereva hakunitazama. Alipuliza polepole, midomo imebana.

"Puliza, usipoze chai!" yule mama akamkemea.

Akapuliza. Kifaa kikalia. Akanionyesha tarakimu, na mimi miwani nimeiacha garini, kwa hiyo akanisomea: kilevi kimepita kiwango, tena mbali. Dereva akakaa chini kando ya barabara, akajishika kichwa.

"Maalim, nisamehe."

Nilikuwa nikifikiria ile Adhuhuri, na jinsi nilivyogeuka baada ya salamu nikamuona ameinamisha kichwa, nikasema moyoni mashallah, kijana huyu ana khushui, moyo wake wote umo ndani ya sala.

Hapa nitaeleza kosa langu kama lilivyokuwa. Yule mama trafiki aliniita pembeni akaniambia, kwa sauti ya chini, "Baba, gari litakwenda kituoni na litakaa huko mpaka mahakama iseme. Shusheni hilo jeneza hapa. Tafuta gari jingine likuchukulie. Likishaingia kituoni litaingia kwenye karatasi."

Nikakataa. Niliona aibu jeneza la msikiti kuwekwa chini ya mti kando ya barabara, kila apitaye akidhani kuna maiti aliyetupwa, watu wakisimama kuomba dua au kupiga picha. Nikamwambia jeneza ni amana, na mahali pa amana ni penye ulinzi, si barabarani. Nikaongeza kwamba ninawaamini askari.

"Ninashukuru, baba," akasema. "Lakini ungelishusha."

Kituoni, nyuma ya kaunta, askari akaanza kuandika: pick-up nyeupe, namba za Kenya, mwenye gari ndiye mtuhumiwa. Akaishia hapo. Nami, kwa kinywa changu, nikamwambia, "Andika na jeneza, mwanangu. Lisije likapotea." Akaongeza mstari: pamoja na jeneza moja jipya. Nikarudisha moyo mahali pake. Dereva akavuliwa mkanda na viatu, akaingizwa mahabusu. Mimi nikalala msikiti wa jirani.

Alfajiri nilikuwa bado juu ya msala simu iliposhika mtandao, ikalia. Alikuwa imamu wetu, naye pia nimemfundisha. Alianza na innalillahi, nikajua. Dada yangu alikuwa amekata roho kabla ya adhana, mikononi mwa binti yake. Wamemleta nyumbani. Wanawake wanaandaa maji.

"Tumepanga baada ya Adhuhuri," imamu akasema. "Jeneza lipo?"

"Lipo. Lipo kituoni. Nitalitoa sasa hivi."

"Inshallah, Maalim. La Mwabungo tumeshaliazima, ikiwa litahitajika."

"Halitahitajika," nikasema.

Zamu ilikuwa imebadilika. Kwenye kaunta alikuwepo mwingine, mpole, kitabu kimefunguliwa mbele yake. Nikamweleza. Akatafuta mstari kwa kidole, akaupata.

"Ndiyo, mzee wangu. Gari ni kielelezo. Na jeneza limeandikwa pamoja na gari."

"Gari chukueni. Alilewa, nimekubali, kifaa kimesema. Mimi ninataka jeneza. Jeneza halikunywa."

Alicheka, kisha akajizuia. "Ningelikuwa na uwezo ningekusaidia kulibeba. Lakini linatolewa kwa saini ya mkuu wa kituo, naye ameshaondoka kwenda mahakamani mjini. Una kitu kinachoonyesha ni lako?"

Nikampa barua kwa fahari. Aliisoma taratibu, mdomo ukitembea.

"Hapa wanasema ni mali ya msikiti. Aliyetia saini ni katibu. Wewe ndiye katibu?"

"Mimi ndiye niliyemwambia katibu aandike."

"Basi yeye ndiye wa kulichukua. Na hapa tena, wameandika limebebwa na gari namba hii. Hii ndiyo namba ya kielelezo. Barua yenu wenyewe imelifunga jeneza na gari, mzee wangu."

"Niliandika hivyo ili watu wa forodha wasitusumbue!"

"Na hawakuwasumbua?"

"Hawakutusumbua."

"Basi barua ilifanya kazi."

Nikamwambia nimefiwa. Hapo akasimama, akavua kofia, akaja upande wangu wa kaunta, akanishika mikono yote miwili. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana, mzee wangu." Alimaanisha. Akamtuma mtu aniletee chai na chapati, akanitolea kiti kizuri cha ndani. Kisha akarudi nyuma ya kaunta, akavaa kofia, akasema, "Lakini saini, mzee wangu."

Nimeshagombana na watu wakali katika maisha yangu, na mkali unaweza kumshinda kwa subira. Mpole hujui umshike wapi. Kila nilipopandisha sauti yeye aliteremsha yake. Alimpigia mkuu wa kituo, simu imezimwa. Akapiga tena. Akapiga mahakamani, akaambiwa yumo ndani ya kesi. Aliniuliza kama katibu anaweza kuja. Nikampigia katibu, akaniambia yuko kwenye kuchimba kaburi na hati yake ya kuvukia mpaka imekwisha muda. Nikarudi kaunta nikauliza kama naweza kulichukua jeneza na kuacha kitambulisho changu, nikauliza kama naweza kuacha simu, nikauliza kama askari mmoja anaweza kufuatana nami mpaka mpakani. Nilifika pahali pa kusema nitakaa mahabusu mimi badala ya jeneza, na sikuwa ninatania.

Dirishani niliweza kuliona. Gari limeegeshwa uani karibu na mengine yaliyokamatwa, na kamba zetu bado zimefungwa vilevile. Kuku wa kituo alikuwa amepanda juu ya tao la katikati. Nikatoka kumfukuza, mlinzi akaniambia nisisogelee vielelezo.

Saa tano ikapita. Imamu akapiga tena.

"Maalim, umeshatoka?"

"Bado kidogo. Ngojeni mpaka Alasiri."

Nilisikia wanawake nyuma yake wakisoma.

"Maalim," akasema, "joto ni kali. Na watu wa mbali wameshafika."

"Nimesema Alasiri! Nimemwahidi dada yangu. Hatatolewa nje kwa lile la bapa."

"Wewe ndiye uliyetufundisha maiti hangojwi. Umetufundisha mkimngoja mtu, hata awe mtoto wake aliye Ulaya, mnamuudhi marehemu. Sasa nikuambie nini, Maalim? Niwaambie watu kwamba lilikuwa somo la wengine?"

Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwa kukumbuka somo. Nikakata simu bila kumuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu.

Yule mama trafiki aliingia kupeleka karatasi zake akanikuta nimeketi, chai imepoa. Akasikia yote kutoka kwa mwenzake wa kaunta. Naye akajaribu simu ya mkuu, ikawa vilevile. Akachuchumaa mbele yangu, sare yake nyeupe ikigusa sakafu.

"Nenda, baba. Jeneza litabaki. Dada yako habaki."

"Ungaliniambia hivyo jana!"

"Jana nilikuambia, baba."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniudhi. Nikachukua bakora yangu. Alinisimamishia mwenyewe gari la kwanza lililokuwa likielekea mpakani, akamwambia dereva wake, "Huyu ni msiba, msimcheleweshe." Kisha, bila kuulizwa, akampulizisha.

Nilivuka mpaka baada ya Adhuhuri. Nilifika nyumbani Alasiri imeshasaliwa. Viatu vilikuwa vingi mlangoni, na kwa namna watu walivyokuwa wamekaa, wameshanawa udongo mikononi, nikajua. Sikuingia. Nikaenda makaburini peke yangu. Kaburi lilikuwa limemwagiwa maji, mche wa mrehani umepandwa kichwani. Nikamsomea niliyoweza kusoma. Nilimwomba radhi pia, kwa sauti, kama ninazungumza naye jikoni kwake.

Binti yake alinifuata. Alikuwa amejifunga leso kiunoni na uso umevimba kwa kulia.

"Mjomba, usilie hivyo. Mama alisitirika."

"Kwa lile la bapa?"

"Tulilitia matao, sisi wanawake wanne. Yule jirani anajenga banda, tukachukua fito zake tukazipinda, tukazifunga kwa kamba ya usumba, pande hii na hii. Juu tukatandika leso za mama mwenyewe, tatu, moja juu ya nyingine. Wallahi hakuna mwanamume aliyejua ndani kuna mnene au mwembamba. Mama mdogo alimwambia mama palepale jenezani, sasa ndugu yako akitaka kuona umbo lako, na azipindue leso tatu."

"Mlichukua muda gani?"

"Muda gani?" Alifikiri. "Maji ya chai ya wageni yalikuwa bado hayajachemka."

Nikageuka upande mwingine ili asinione uso. Nilikuwa nimekaa kituoni asubuhi nzima, nikipigania mbao zilizopindwa na fundi bora wa pande mbili za mpaka, na wanawake wanne walifanya kazi ileile kwa fito za banda. Tena mimi ndiye ninayesomesha. Ninajua sitara ni kufunika, na kinachofunika kinaweza kuwa chochote kilicho safi. Kama mtu mwingine angelikuja kuniuliza suala hilo, ningelimjibu kabla hajaketi. Ningelimwambia: aache jeneza, awahi maziko, ambebe ndugu yake kwa bega lake na amshushe kwa mikono yake. Dada yangu walimshusha wanawe na mdogo wangu wa kiume, mimi nikiwa nimesimama kwenye kaunta ninauliza kama naweza kuacha simu rehani.

Imamu alinijia jioni, akakaa mbali kidogo. Nikamwambia alifanya sawa. Ilinichukua nguvu kulisema neno lile, na nilipolisema sikujisikia mwepesi. Nilijisikia kama mtu aliyelazimishwa kukiri.

Dereva alirudi baada ya kufikishwa mahakamani. Walimtoza faini na kumnyima leseni kwa kipindi, na gari likabaki kule mpaka apatikane wa kuliendesha. Alikuja kuhani siku ya arubaini haijafika, akaketi chini kwenye mkeka, akakataa kiti. Nikamuuliza:

"Ulikunywa kwa nini? Nyumbani kwa fundi, saa ya sala?"

"Nyuma ya kwa fundi kuna mgema. Niliomba kidogo tu, cha kutuliza moyo. Nilikuwa ninaogopa kulibeba, Maalim. Nilikuambia."

"Ulisema kwa utani. Ulikuwa unacheka."

"Mtu mzima atamwambiaje mwalimu wake kwamba anaogopa, kama si kwa kucheka?"

Nikamkemea. Nilimwambia angeweza kutuua sote wawili, angeweza kumgonga mtoto wa watu, na kwamba hofu haihalalishi ulevi, na kwamba sala yake ile ataizungumza na Mola wake. Yote hayo ni kweli na ninayasimamia mpaka leo. Wenye sheria ya kule walifanya sawa kumtoa barabarani. Hata gari walifanya sawa kulichukua, maana mlevi aliyeachiwa gari huendesha tena. Sina ugomvi na sheria. Ila nilipokuwa ninamkemea nilimuona jinsi anavyotikisa kichwa na kuitikia "kweli, Maalim" kila nilipotua, nikakumbuka madereva wa Ukunda, nikanyamaza katikati ya sentensi. Sijui ni watu wangapi wameniitikia hivyo maisha yangu yote na kuondoka na hofu zao mifukoni.

Jeneza tulikwenda kulifuata mimi na katibu, hati yake imeshatiwa muda mpya. Safari hii mkuu wa kituo alikuwepo, mtu wa haraka, akatia saini hata kabla hatujamaliza kuamkiana. Kalamu ilitua, ikanyanyuka, kwisha. Niliutazama mkono ule. Katibu akanigusa bega.

Yule mpole wa kaunta alinikumbuka. Akauliza kama dada alizikwa salama, nikasema alizikwa salama, alhamdulillahi. Tukatoka naye uani. Alilikagua jeneza pande zote, akahesabu matao, akapangusa vumbi na alama za kuku kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akaniletea karatasi ya mwisho, akanionyesha kwa kidole sehemu ya mpokeaji.

"Hapa unaandika hali ya mali uliyopokea, mzee wangu."

"Niandike nini?"

"Andika: limepokelewa likiwa zima."

Lilikuwa zima kweli, halina hata mkwaruzo, na vanishi imekauka vizuri kuliko siku ile. Nikaitazama karatasi juu mpaka chini kama ina mstari mwingine. Haukuwepo. Nikaandika alivyoniambia, nikatia saini, nikamrudishia kalamu yake.